Kabla hujalala juu ya jiwe: kuchagua vifaa vya kutembea na kupiga kambi Mwanza na visiwani

Saa tisa usiku ndipo hema linapojulikana kama ni hema au ni pazia. Mchana kutwa jua lilikuwa kali. Jioni tulikaa juu ya jabali tukitazama wavuvi wa dagaa wakiwasha taa moja baada ya nyingine, mpaka ziwa likawa kama mji wa pili. Tukalala na nyota juu. Kisha ngurumo ikaanzia mbali, upande wa visiwani, upepo ukageuka ghafla ukawa wa baridi, na kabla hatujamaliza kuulizana nani hajafunga zipu, maji yalikuwa yanapita chini ya magodoro.

Tulikuwa vijana 12 na mimi, kwenye ufukwe mmoja wa Ilemela. Mahema yalikuwa mapya, yametoka dukani na lebo zake. Hayakuwa na tundu hata moja. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeyachagua kwa kufuata ushauri wa watu ambao adui yao ni baridi. Ukisoma maelezo mengi ya vifaa vya kambi, utakuta habari ni blanketi zito, sweta juu ya sweta, begi la kulalia la theluji. Sisi wa kanda ya ziwa tuna maadui wengine: mvua ya usiku, jiwe, na ziwa lenyewe. Fedha yako ielekeze huko kwanza. Kinachobaki nunua unavyopenda.

Hatua ya kwanza: jua unakwenda wapi, na mwezi gani

Usinunue kitu chochote kabla hujajibu hilo. Mtu anayekwenda Saanane kwa siku moja anavuka kwa boti dakika chache kutoka Capripoint, anapanda mawe, anaona pimbi na mijusi yenye vichwa vyekundu, jioni yuko nyumbani. Huyo anahitaji viatu, maji na kofia, basi. Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo sana, na ni mahali pazuri mno pa kujaribia viatu vipya kabla ya safari ndefu. Anayekwenda kuzunguka Ukerewe na kufika Ukara kulitazama jiwe linalocheza, huyo atalala nje na atapanda vyombo vya majini, kwa hiyo boya, yaani jaketi la kuokolea maisha majini, si la kujadili. Na anayekwenda Rubondo anaingia kwenye msitu na unyevu. Nguo zake hazitakauka kirahisi.

Kuhusu majira: kiangazi chetu kizuri ni Juni hadi Septemba. Vuli inaanza Oktoba hadi Desemba, masika ni Machi hadi Mei. Likizo ndefu za shule ni Juni na Desemba, na wazazi wengi huniuliza ipi bora kwa kambi ya watoto. Jibu langu ni Juni, bila kusita. Desemba inawezekana, lakini uwe na hema ambalo umelihakiki mwenyewe.

Ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana usiku wa Julai ufukweni unaweza kushuka mpaka nyuzi joto 15 au 16. Kwa mtu wa Mwanza hiyo ni baridi ya kutosha kumkosesha usingizi, lakini si baridi ya kununulia begi la kulalia la milima mirefu.

Hatua ya pili: hema, na hapa usiwe na haraka

Kwanza elewa kwa nini mvua yetu huja usiku. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku mambo hugeuka: nchi imepoa, maji bado yana joto, na upepo hutoka pande zote za nchi kavu kuelekea ziwani. Zinapokutana huko katikati, hewa hiyo yenye unyevu haina pa kwenda ila juu, na hapo ndipo mawingu ya radi yanapojengeka, kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Kwa hiyo anga safi ya saa kumi na mbili jioni si ahadi ya chochote. Funga hema kila usiku kana kwamba mvua inakuja.

Sasa dukani. Kwenye lebo ya hema nzuri kuna namba ya milimita. Namba hiyo inaeleza kitambaa kinaweza kubeba maji ya kimo gani juu yake kabla hayajaanza kupenya. Kwa mvua zetu, paa la nje lisiwe chini ya milimita 1,500, na sakafu itafute 3,000, kwa sababu sakafu inakandamizwa na magoti na viwiko vyenu. Hema lisiloandika namba yoyote lichukulie kuwa ni kivuli cha mchana.

Kisha litazame umbo lake. Mahema mengi ya bei ndogo yana kitambaa kidogo juu kama kofia, kimefunika dirisha la wavu la kileleni, na ubavu wote umebaki kitambaa kimoja. Mvua ikinyesha wima, sawa. Lakini mvua ya ziwani huja imelala, inapigwa na upepo, nayo inapita chini ya kile kikofia na kuingia kwenye wavu kama vile umeialika. Mahema yetu ya Ilemela yalikuwa ya aina hiyo. Tafuta hema lenye tabaka mbili, na paa la nje literemke mpaka karibu kugusa ardhi pande zote.

La tatu ni fito. Huku kwetu utaweka hema juu ya jabali mara nyingi kuliko juu ya udongo, na kigingi hakiingii kwenye jabali. Hivyo hema linalosimama kwa kuvutwa na vigingi pekee halikufai. Chukua lenye fito mbili zinazopishana juu, linalosimama lenyewe ukiliachia. Kisha nunua kamba ya manila nyembamba, mita 20 zinatosha hema moja, na ujifunze kufunga kwa mawe mawili: kamba unaifunga kwenye jiwe dogo la ukubwa wa ngumi mbili, unalivuta mpaka kamba ikaze, kisha unaweka jiwe kubwa juu ya kamba, mbele ya lile dogo, upande wa hema. Upepo ukivuta, lile dogo linajibana nyuma ya kubwa. Panapokwaruzana kamba na ukingo wa jiwe viringisha kitambaa, maana jiwe letu linakata kamba kama msumeno, na litaikata saa tisa usiku.

Watu wawili hawalali kwenye hema la watu wawili wakiwa na mabegi yao. Ongeza mmoja kwenye hesabu.

Kama unakwenda kutafuta hema la mtumba soko la Mlango Mmoja, hongera, maana yapo mahema mazuri kuliko mengi ya dukani. Ila usikubali kulinunua likiwa limekunjwa. Mwenye mzigo atakuambia, "Dada, hilo la Ulaya hilo, halina shida." Mwombe kwa upole nafasi ya kulisimamisha pale pale. Hesabu fito. Vuta kila zipu mwanzo hadi mwisho mara mbili. Inua kitambaa uelekeze juani utafute matundu. Kisha libandue lilipokunjwa na unuse: hema ambalo limechakaa kwa ndani hutoa harufu ya uchachu, kama matapishi yaliyokauka, na ukipitisha kiganja upande wa ndani wa paa unanatanata. Hiyo ni dawa ya kuzuia maji inayooza. Huwezi kuirudisha kwa kufua wala kwa jua. Liache. Lakini kama ni mishono tu imebanduka utepe wake, hilo fundi hulitengeneza, au unapaka mwenyewe gundi ya kuzibia mishono ya hema kwenye mishono yote na kuiacha ikauke usiku mzima.

Jipya au la mtumba, lisimamishe uani kwako na ulimwagie ndoo tatu za maji polepole, zaidi kwenye mishono na kwenye kona. Ingia ndani utazame. Ni afadhali ujue ukiwa Buzuruga kuliko ukiwa Ukara.

Mahali pa kulisimamisha nako ni sehemu ya kuchagua. Jabali halinywi maji. Kila tone linaloangukia juu yake linashuka, na linashuka kwa njia zile zile miaka yote. Njia hizo zinaonekana. Ukitazama mwamba wetu wa kijivu utaona michirizi meusi inayoteremka, kama machozi yaliyokauka. Hiyo ndiyo mito ya mvua. Usiweke hema juu ya mchirizi mweusi wala chini yake, hata kama hapo pametandazika vizuri kama kitanda. Wala usilale kwenye kilele cha jiwe refu kuliko yote, kwa ajili ya radi. Radi ikikaribia shuka kutoka juu, usijibanze kwenye pango dogo wala chini ya mti uliosimama peke yake, na ujue kwamba hema halikukingi na radi hata kidogo. Nyumba na gari ndivyo vinavyokinga, kwa hiyo ukifika kambini jua iliyo karibu iko wapi kabla giza halijaingia.

Chini ya hema tandika turubai. Lakini likunje liwe dogo kuliko sakafu ya hema pande zote. Likitokeza nje linakusanya mvua na kuipeleka chini yako.

Hatua ya tatu: viatu

Niliwahi kununua buti za mtumba nzuri sana, ngozi imara, soli nene, zinaonekana hazikuwahi kuvaliwa. Nilizifurahia. Saa mbili baada ya kuanza kupanda, soli ya kulia ikaachia kisigino, nikaifunga na kamba ya begi. Nusu saa baadaye ya kushoto ikapasuka katikati na kumeguka vipande vipande, kama keki iliyokauka. Nikashuka nimevaa soksi mbili mbili, juu ya mawe yenye joto la saa saba mchana, na nyayo zilinichukua zaidi ya wiki kupona.

Baadaye ndipo nikajifunza. Buti nyingi za kupandia milima zina tabaka laini la povu la plastiki kati ya ngozi na mpira wa chini. Povu hilo huoza taratibu kwa unyevu wa hewa, hata kama kiatu kimekaa kwenye boksi tu. Baada ya miaka kadhaa huwa linameguka. Kwa hiyo buti la mtumba ambalo halijavaliwa linaweza kuwa baya kuliko lililovaliwa, na hali yetu ya hewa ya ziwani haisaidii. Kabla ya kulipa, libonyeze lile tabaka la kati kwa ukucha wa kidole gumba. Likirudi kama sponji nzuri, sawa. Likibaki na alama, likitoa unga au likionyesha mipasuko midogo midogo, lirudishe. Likunje pia, ncha ielekee kisigino, uone kama soli inaachana na ngozi. Mishono ya fundi viatu pembeni si dosari. Soli iliyoshonwa na kugundishwa hudumu.

Kwa mawe yetu sihimizi buti refu zito. Raba imara yenye soli ya mpira laini, yenye michirizi, inashika jabali kavu vizuri mno. Jabali likilowa, ule ukoko wa kijani na mweusi juu yake huwa sabuni, na hakuna kiatu kinachokuokoa. Unasubiri likauke au unazunguka. Katambuga zina heshima yake, zinadumu na zinapita kwenye miiba, lakini mpira wa tairi ni mgumu na vidole viko wazi. Zivae kambini na kwenye njia tambarare. Ndani ya boti vaa sandali zenye mkanda wa nyuma, kitu unachoweza kukivua majini kwa mkono mmoja.

Jaribu kiatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi utakazotembelea. Tafuta ngazi ushuke nazo. Vidole vikigonga mbele wakati wa kushuka, namba ni ndogo. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba.

Hatua ya nne: begi la mgongoni

Siku mbili, lita 40 hadi 50. Kubwa zaidi utalijaza tu. Kitu cha kutazama ni mkanda wa kiunoni: uwe mpana, una sponji, na ukifungwa ukae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Uzito mwingi unatakiwa kubebwa na nyonga. Mabega yanaushikilia tu usiyumbe. Weka kilo 10 za mchele ndani ya begi hapo dukani au kwa jirani, utembee dakika 15. Begi zima lisizidi moja ya tano ya uzito wako, na kwa watoto pungufu ya hapo.

Mabegi mengi ya mgongoni huingiza maji, lebo iseme nini. Tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku Juni 2019, ninatumia ule mfuko wa naironi wa ndani ya salfeti ya sukari ya kilo 50. Waombe wauza duka, wengi watakupa. Uoshe, uuingize ndani ya begi, weka nguo na shuka humo, zungusha mdomo wake na ukunje. Simu na pawabenki viwe kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha. Nimeona begi la namna hiyo likianguka ziwani kutoka kwenye mtumbwi, likaelea, likavutwa na kasia, na shuka ndani likiwa kavu kabisa.

Hatua ya tano: cha kulalia, na mbu

Hapa pafupi. Godoro la chini ni muhimu kuliko unachojifunika, kwa sababu jiwe linafyonza joto la mwili usiku kucha. Sponji ngumu ya kukunja, isiyonywa maji, inatosha. Juu, begi la kulalia lililoandikwa nyuzi 10 hadi 15 za starehe. Zingatia hiyo namba ya starehe, si ile ya kiwango cha chini kabisa ambayo huandikwa kwa herufi kubwa ili kuuza. Shuka la Kimasai na kitenge pamoja vinafanya kazi hiyo hiyo Juni hadi Septemba kwa watu wengi.

Malaria kanda hii ipo mwaka mzima. Kagua wavu wa hema tundu kwa tundu, beba sindano na uzi. Anayelala nje ya hema alale ndani ya chandarua chenye dawa, kimefungwa kwenye miti au mawe na kuchomekwa chini ya godoro.

Nguo

Acha jinzi nyumbani. Likilowa lina uzito wa mtoto na halikauki mpaka kesho kutwa. Jezi ya mpira, hii hii ya timu yako, ni shati zuri kuliko mengi yanayouzwa kwa jina la utalii, kwa sababu inakauka ndani ya saa moja. Suruali nyepesi ndefu kwa ajili ya miiba na mbu wa jioni. Sweta moja, koti la mvua moja, soksi jozi tatu. Kofia iwe pama. Wazee wa Kisukuma hawakuichagua kwa urembo tu. Mwanza iko karibu nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta, na juu ya jabali jua linakupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka chini. Ukielekea pori lenye mbung'o, kama upande wa Serengeti kwa lango la Ndabaka, epuka bluu na nyeusi, rangi hizo huwavuta.

Hatua ya sita: maji, na hofu iliyo ya kweli

Watu huniambia, "Si tunakwenda ziwani, maji yapo." Yapo, lakini si ya kunywa, na si ya kuyaingilia ovyo. Beba lita tatu kwa mtu kwa siku ya kutembea, katika chupa mbili au tatu, si dumu moja, ili moja ikipasuka usikauke koo.

Maji ya ziwa unayachuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kisha unayachemsha mpaka yatokote kwa dakika moja nzima. Vidonge vya klorini ni vyepesi na vinafaa, fuata kipimo kilichoandikwa na usubiri nusu saa. Ila haviwezi vizuri maji machafu yenye tope, ndiyo maana kuchuja kunatangulia.

Kichocho kipo katika ziwa hili. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye maji yaliyotulia, kwenye matete na magugu karibu na fukwe, na huingia mwilini kupitia ngozi nzima isiyo na jeraha. Dakika chache zinatosha. Kwa hiyo kifaa kimoja ambacho simwachii mtu akisahau ni gambuti. Anayekwenda kuchota avae gambuti, asivue viatu akaingia mpaka magotini. Afadhali zaidi, funga ndoo kwenye kamba na uchote kutoka juu ya jiwe linaloshuka kwenye kina, mbali na matete. Hapo umepunguza hatari ya konokono, na ya mamba pia. Maji ya kuoga yakikaa kwenye ndoo siku mbili vijidudu hivyo vimekufa, au yapashe moto. Kama uliingia, usikae na wasiwasi wala usijifariji kwamba ulijifuta upesi: nenda zahanati baada ya wiki sita hadi nane, ueleze ulikuwa ziwani, upimwe. Dawa ipo na inaponya.

Chakula na moto

Chakula chepesi cha safari tunacho tangu zamani. Michembe na matobolwa ni viazi vitamu vilivyokaushwa, michembe vibichi na matobolwa vikiwa vimechemshwa kwanza. Havichachi, havina uzito, matobolwa unatafuna ukitembea. Ongeza karanga, dagaa waliokaangwa, chumvi na limao. Sufuria moja yenye mfuniko, mwiko, kisu, kikombe kwa kila mtu.

Moto usiukoke juu ya jabali tupu. Joto hulipasua jiwe kwa tabaka, vipande huruka vikiwa vya moto, na doa jeusi litabaki hapo baada yako na wajukuu wako. Kokea mchangani au kwenye udongo, au tumia jiko dogo la gesi. Jiko la mkaa lisiingie hemani hata mvua ikinyesha vipi, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Hewa yake yenye sumu haina harufu. Waliolala nayo hawakupata nafasi ya kuamka.

Hatua ya saba: boya, kabla ya tiketi

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, watu 228 wakafariki. Kilikuwa karibu kufika. Ninaposema usipande chombo bila boya, ninafikiria umbali ule mfupi uliokuwa umebaki.

Kwa safari za visiwani nunua boya lako mwenyewe, lenye kukutosha, usitegemee lililotundikwa ndani ya mtumbwi. Tazama lebo mbili: uzito wa mvaaji, na nguvu ya kuelea ambayo huandikwa kwa herufi N. Lililoandikwa 50 ni la kumsaidia anayejua kuogelea, karibu na ufukwe. Kwa kuvuka ziwa tafuta 100 au 150, yenye kola nyuma ya shingo inayoinua uso juu ya maji. Bonyeza povu la ndani: likiwa gumu kama ubao au limepungua, halielei tena vizuri. Vuta mikanda kwa nguvu zako zote, kagua vifungo. Livae, funga, kisha mwambie mwenzako alishike boya mabegani alivute juu. Likifika masikioni ni kubwa, litakutoka majini. Kwa mtoto sharti liwe la kipimo chake na lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Lifunge filimbi.

Kisha livae. Nimewaona watu wazima wakilikalia kama mto. Ukianguka majini hakuna muda wa kufunga vifungo, hata kama unaogelea kama samaki.

Kabla ya kuondoka soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha waulize wavuvi mwaloni. Mvuvi akikuambia "leo hapana," ahirisha safari, hata kama abiria wengine wanapanda. Mawimbi huongezeka mchana upepo unapoanza, kwa hiyo asubuhi ni bora, mradi anga ya alfajiri iwe safi.

Vilivyobaki

Tochi ya kichwani, moja kwa kila mtu, na betri za akiba. Filimbi. Bendeji, plasta, dawa ya vidonda, pakiti za chumvi za kunywa (ORS) za kuzuia kukaukiwa maji, na dawa zako za kila siku kwa siku mbili zaidi ya safari. Kwa nyoka: usikate, usifyonze, usifunge kamba ya kubana, mtulize aliyeumwa, mguu usitembezwe, mpeleke hospitali. Namba ya Zimamoto na Uokoaji, 114, iandike kwenye karatasi pia, siyo kwenye simu tu. Mfuko wa taka.

Usiku wa majaribio

Wiki moja kabla, laleni uani na vifaa vyote, usiku kucha, bila kuingia ndani kuchukua kitu. Pikeni huko huko. Asubuhi toa kila kilichomo kwenye begi, weka upande mmoja ulichokitumia na upande mwingine ambacho hukukigusa. Huo upande wa pili, ukitoa boya, dawa na koti la mvua, ubaki nyumbani.

Na mkirudi safari, hema lisikae limekunjwa na unyevu hata siku moja. Lifagie mchanga, ulianike kivulini penye upepo kwa sababu jua kali nalo linaua kitambaa, ulikunje likiwa kavu mpaka kwenye mishono. Mikunjo isiwe ile ile ya mara iliyopita.